Pumba za Alhaji

Laiti Mwanabibi angefunga domo lake siku ile! Lakini wapi. Mwanawe Twalibu karudi kutoka Dar, mhandisi kamili, kofia ya njano kichwani, kaitwa kuikagua mashine ya kukoboa mpunga ya Alhaji Abdulazizi: inakula umeme kiasi gani, inachoma magogo mangapi, inapoteza nini na wapi. Mama gani angenyamaza? Pale Kibiti walijua wote, hata waliojiziba masikio.

Nyuma ya mashine ile palikuwa na mlima wa pumba. Mashine yenyewe kuukuu, feni yake inapuliza ovyo, na mpunga wa Chumbi ukipita humo, chenga za mchele zinarushwa nje pamoja na maganda. Mlima huo ndio uliowalisha wanawake wasio na mume wala shamba. Mwanabibi alimlea Twalibu hapo hapo, anapepeta, anatwanga, anakaanga vitumbua vya kuuza. Na ubavuni pake miaka yote alikaa Zuhra, shoga yake waliyechezwa naye unyago siku moja. Zuhra sasa analea wajukuu walioachwa na mama yao, na hana pengine pa kuwatafutia chakula zaidi ya pale.

Ijumaa moja baada ya swala, Twalibu akamleta Alhaji kula kwa mama yake. Mwanabibi akapika wali wa nazi na kambale wa kukaanga, akaandaa mkeka mpya.

"Kula, Alhaji, usione haya, mali yako hiyo," akasema huku akimwongezea. "Chenga za kwenye pumba zako. Huyu mtoto kasomea hizo hizo!"

Alhaji akacheka. "Kwani mnapata nyingi?"

Hapo sasa. Ukweli ni kwamba kwa kushinda juani na vumbi puani mtu alipata kibakuli, na siku ya bahati viwili. Lakini Mwanabibi alitaka mgeni aondoke akijua kuwa Twalibu hakukulia njaa. "Nyingi? Debe zima kwa mtu! Tena hapo hatujachoka."

Alhaji akaacha kutafuna. Akamtazama mhandisi wake, mhandisi akatazama sinia.

Baadaye Twalibu alipima, akaona hakuna cha debe wala nusu debe. Haikusaidia. Alhaji alishasikia debe kwa masikio yake, na kila alipolala aliota wanawake wanatembea na madebe yake.

Kwa kazi yenyewe kijana hakukosea, haki yake tumpe. Alipunguza kasi ya feni, akabadilisha mipira ya kukobolea, akaziba nyufa za mtambo wa kukaushia mpunga zilizokuwa zikitorosha joto lote. Kisha akaligeuza tanuri lichome pumba badala ya magogo. Umeme ukashuka. Mchele ukatoka mzima, mweupe. Lori la magogo kutoka Ngarambe likakoma kuja, na watu wa Ikwiriri wakafunga safari kuja kushangaa. Basi Alhaji akauzungushia ule mlima uzio wa waya, maana pumba sasa ni kuni, na kuni haziachwi wazi.

Mwanabibi akamfuata mwanawe. "Baba, zile pumba za zamani bado zina chenga. Mwambie atuachie hizo tu."

"Mama, ile ni hasara. Nimeitwa kuiondoa."

"Sisi tutakula nini?"

"Wewe nitakutunza mimi."

"Na Zuhra?"

"Zuhra si mama yangu," Twalibu akasema, wala hakusema kwa ubaya. Alisema tu, akavaa kofia yake.

Waya ukakatwa. Ukafungwa, ukakatwa tena. Kila mlinzi aliyewekwa aligeuka mkwe wa huyu au mpwa wa yule, akafumba macho. Alhaji akaja juu: anataka mlinzi anayewajua wote kwa sura na asiyedanganyika. Twalibu, kwa mapenzi kabisa, akamtaja mama yake.

Mnauliza kama alilazimishwa? Nani amlazimishe! Alikubali. Moyoni alijiambia kuwa akishika ufunguo yeye, wenzake watapata upenyo. Akapewa koti la kijani, kirungu na kiti cha plastiki.

Asubuhi ya kwanza Zuhra alitangulia wenzake, ungo kichwani, anacheka njia nzima. "Alhamdulillah! Wametuwekea mwenzetu. Fungua, shoga, watoto jana wamelalia maji."

Mkono wa Mwanabibi ulishashika kufuli. Akainua macho. Barazani pa ofisi Alhaji amekaa na kikombe cha kahawa, Twalibu kasimama pembeni yake, wote wanaangalia huku. Akamwonea Zuhra huruma, kisha papo hapo akamchukia kwa kuja na kicheko chake mbele za watu.

"Rudi nyumbani," akasema.

"Usinitanie bwana, jua linapanda."

Mwanabibi akapitisha mkono juu ya uzio, akauvuta ule ungo, akauvunjia gotini. Vipande akavitupa kwenye toroli la pumba zinazokwenda tanurini. Barazani Alhaji akacheka kwa sauti. Wanawake waliokuwa wakija nyuma wakasimama pale pale walipofika.

Zuhra hakulia, wala hakutukana. Alijifunga kanga yake vizuri, akapiga goti mchangani mbele ya yule waliyelingana naye kwa kila kitu.

"Shikamoo," akasema.

Tangu utoto wao hawakuwahi kuamkiana hivyo. Wanawake wote wakamtazama Mwanabibi, wakingoja ashtuke, amwinue mwenzake, alie, afanye chochote. Mwanabibi akanyoosha koti lake mabegani, akaketi kwenye kile kiti cha plastiki.

"Marahaba," akaitikia.