Besi, Shusha

...kwa maana hebu piga picha, anawaza, mtu yeyote mwenye masikio mawili apige picha: chumba kisicho na dirisha, kuta zimebandikwa sponji za kijivu zenye vinundu kama trei za mayai, spika mbili nyeusi juu ya meza, watu wanne wamekaa kimya kama wanaosubiri majibu ya daktari, na kwenye zile spika unatoka wimbo, tena wimbo wake, aliotunga yeye kwa vidole vyake hivi vyenye sugu, miezi saba, noti kwa noti, na ndani ya wimbo huo yeye hayumo, gitaa limo, ngoma zimo, hata kikohozi cha shemeji yake, ndugu wa mume wake, anayepiga gitaa na kuimba, kabla ya ubeti wa kwanza kimo, kimeachwa makusudi, eti kinaleta uhai, lakini besi haimo, besi imekwenda wapi, labda masikio yameziba, anameza mate, anapanua taya kama anayepiga miayo, wapi, dakika ya kwanza inakwisha na anachosikia ni gitaa la shemeji likinguruma peke yake kama pikipiki iliyosimama getini, na fundi wa sauti kawapa mgongo, kisogo chake kinatikisika taratibu kwa kuridhika, kinatikisika kwa kitu gani sasa, na hapo mbele yake kwenye mtambo kuna vile vitufe vya kusukuma juu na chini, kila kimoja kina kipande cha plasta kilichoandikwa kwa kalamu, SAUTI, GITAA, NGOMA, vyote viko juu vimepangana mabega, halafu cha nne, BESI, kiko huku chini kabisa, kimelala kama kimefukuzwa nyumbani... na hawezi kusema neno, kwa sababu ya ile sheria, sheria aliyoitunga shemeji mwaka ule bendi ilipoanza, kwamba siku ya usikilizaji wa mwisho hakuna kuongea wimbo ukiwa unapigwa, mnakaa, mnasikiliza mpaka mwisho, kisha kila mmoja anasema neno moja tu, imepita au haijapita, na mmoja akisema haijapita basi kazi inarudi mezani, hakuna kubembelezana, na wote wakisema imepita fundi anafunga, wimbo unakwenda kuchapwa kwenye CD, hakuna tena kurudi nyuma, na anayeanza kusema ni yeye, mpiga besi, wamemchagua aanze, unajua kwa nini, shemeji alisema mbele za watu akicheka, “Shemeji aanze, hajawahi kukataa kitu, atatufungulia njia vizuri,” na kweli, miaka tisa, nyimbo thelathini na mbili, imepita, imepita, imepita, kama mtu anayegonga mihuri... “Sikia hapo,” shemeji ananong'ona, “sikia gitaa linavyopasua,” na mpiga ngoma, jitu la watu wanaloliita Tani kwa sababu ya mwili wake, anaguna kukubali, haya, sheria ni ya nani, si yako wewe shemeji, wewe ndiye uliyetunga na wewe ndiye unayenong'ona, lakini ningenong'ona mimi ungenyoosha kidole, shsh, shemeji, sheria... miaka tisa anabeba lile amplifaya, kilo arobaini, ngazi za ukumbi huu na ngazi za ukumbi ule, mume wake anashika upande mmoja na yeye upande wa pili, na mlangoni kila mara kuna mtu mwenye orodha anauliza, “Wewe dada ndiye unayeimba?” siimbi, “Gitaa?” besi, “Aa,” hiyo aa, kila moja ingekuwa jiwe angekuwa ameshajenga nyumba, aa, maana yake nini aa, na yule mwingine, mwalimu wa hesabu aliyekaa naye kwenye arusi, “Besi si ndiyo lile gitaa lenye nyuzi pungufu?” nyuzi pungufu, kama mtu anayesema meza yenye miguu mitatu, na yeye akacheka, akasema ndiyo, ndilo hilo, kwa nini alicheka, angemwambia, angemshika mkono wa koti akamwambia, mwalimu, gitaa unalisikia kwa masikio, besi unaisikia hapa, kwenye mfupa wa kifua, itoe uone muziki wote unavyopwaya kama suruali isiyo na mkanda, hasa muziki huu, metali, roki nzito, watu wanadhani metali ni kelele moja tu ndefu, shangazi yake mpaka leo anauliza, “Hivi bado mnafukuza nyani?” kelele moja, wakati mwenyewe angeweza kukaa kutwa akizitenga moja moja kama dada zake, na aliwahi kufanya hivyo, si aliwahi, alimfanyia baba...

Baba, tena kwa maandishi, kwa sababu baba hasikii, baba amesimama miaka thelathini na moja katikati ya mitambo ya kufumia nguo, kiwanda kile cha paa la mabati, na mitambo ikamla masikio kidogo kidogo, ikaanza na ndege, akasema ndege wamehama, kisha simu, kisha sauti za watoto, kisha za wanawake, zote zilizo nyembamba zikaenda, sasa mama akimwita kutoka jikoni inabidi apige sakafu kwa mguu, na siku moja alimwangalia binti yake akiongea, akaangalia, akaangalia, akasema, “Mwanangu, naona mdomo tu,” akaondoka kwenda uani kumwagilia miche yake, na yeye akabaki pale na mdomo wake... ndipo akaanza kumwandikia, kwenye vile vipande vya karatasi anavyoleta kutoka kazini, karakana ya kujalidi vitabu, wakishakata kingo za kurasa hubaki vipande vyembamba, virefu, vyeupe, haviuziki, anavileta nyumbani mfuko mzima, na baba siku moja akauliza kwa sauti yake kubwa ya watu wasiosikia, “Huo muziki wenu unaitwaje?” akaandika METALI, baba akasema, “Moja?” hapana, baba, si aina moja, akachukua vipande vingine akavipanga mezani mbele yake kama karata, THRASH, haraka na hasira, watu wanaogombania mlango mmoja, DETH, sauti inatoka kooni, kama mtu anaburuta jiwe kwenye zege, BLAKI, baridi, magitaa kama nyuki, besi haisikiki kabisa na bado nawapenda, sijui nimerogwa, PAWA, farasi na mapanga na mwimbaji anayepanda mpaka darini, hao wana furaha, na cha mwisho akaandika DUUM, akafikiria aandike nini, akaandika, polepole, nzito, mtu anapandisha kabati ngazini peke yake, na baba akavaa miwani, akavisoma vyote kwa mpangilio kama anasoma ripoti ya zamu, akaweka kidole juu ya kile cha mwisho, kidole chenye kovu la sindano, akasema, “Hii ndiyo kazi yetu”... hapo ndipo wimbo ulipozaliwa, Zamu ya Pili, aliutoa pale mezani, kwenye mlio wa mtambo wa kufumia anaoukumbuka tangu utotoni alipompelekea baba chakula, tum, taka, tum, tum, taka, aliutafuta kwenye uzi wa nne mpaka akaupata, akaushusha, akaufanya mzito, na Jumamosi moja akamleta baba chumba cha mazoezi, nyuma ya duka la matairi la Tani, wakamkalisha juu ya boksi la mbao karibu na amplifaya, shemeji kwa heshima akamletea na sponji za masikio, “Mzee, vaa, itakuumiza,” na baba akazitazama zile sponji akacheka mpaka akatoa machozi, wakapiga, na katikati ya wimbo, pale gitaa linaponyamaza na besi inabaki na ngoma kwa mizunguko minane, baba akaweka kiganja kwenye ubao wa boksi, akainua uso, akamwangalia yeye, si gitaa, si ngoma, yeye, na akasema kwa sauti iliyozidi hata ngoma, “Sasa nakusikia”... miaka sita hakuwa amesikia sauti yake. Miaka sita! Na nyumbani akamuuliza, “Hiyo CD ikitoka, nitakusikia na hapa?” na pale sebuleni kuna ile spika ya mbao ya zamani inayofika kiunoni, akachukua kipande cha karatasi akaandika NDIYO, kwa herufi kubwa, akapiga na mstari chini, na baba akakiweka kwenye mfuko wa shati, sasa huyu fundi, huyu kisogo, nani amempa ruhusa, nani amemwambia akifukuze kitufe cha nne, amekaa hapa na kikombe chake cha chai akaamua kwamba duum inaweza kuishi bila besi, kabati la karatasi, atalipandisha nani ngazini kabati la karatasi, mtoto wa darasa la kwanza, na shemeji anafumba macho, anafurahi, bila shaka anafurahi, lazima ni yeye, alipita hapa jana peke yake, alisema anakuja kuchukua waya, waya gani, alikuja kusema nipandishe mimi, mshushe shemeji, hawezi kukataa, hajawahi kukataa, na leo atakataa, ngoja uone, dakika ya nne inakuja, pale gitaa linaponyamaza watasikia wenyewe lile shimo, wataona aibu...

gitaa linanyamaza. Linabaki pigo la ngoma moja moja, na chini yake, mbali, kitu kama mtu anayesogeza kiti nyumba ya jirani, hiyo ndiyo yeye, mizunguko minane, hiyo ndiyo Sasa nakusikia, na shemeji bila kufumbua macho ananong'ona, “Pazuri hapa, panapumua,” panapumua! anataka kusimama, anashika kingo za kiti, mzunguko wa kwanza, wa pili, na wa tatu... na mwili wake unajikunja wenyewe, bega linapanda, kama mtu anayejua mlango utajibamiza, unajikunja kwa nini, mzunguko wa tatu una nini, anajua una nini, siku ya kurekodi, zamu yake ya kupiga besi peke yake, kidole kilimteleza pale, uzi ukagusa chuma ukakwaruza, krr, kitu kidogo kabisa, hakuna aliyesikia, Tani alikuwa anajifuta jasho na shemeji alikuwa anatafuta maji, lakini yeye alisikia, na baada ya hapo alitoka mpaka korido, fundi alikuwa amesimama karibu na tangi la maji anakunywa chai yake... usikumbuke hilo, halihusiani, mwenye makosa ni shemeji, alikuja kuchukua waya... akamwambia, fundi, samahani, pale katikati nimechafua, nishushe kidogo. “Nikushushe kiasi gani, dada?” akacheka, kile kicheko cha arusini, akasema, we shusha tu, isijulikane, na fundi akatoa kijitabu mfukoni, akaweka kikombe juu ya tangi, akaandika, na yeye alikiona, alikuwa amesimama pale pale akaona mwandiko, Besi, shusha, maneno mawili, hakuna wapi, hakuna kiasi gani, hakuna katikati, aliyaona maneno yakiwa pungufu, yeye ambaye kazini hurudisha kitabu kizima kwa sababu ya ukurasa mmoja uliogeuka, hakusema fundi ongeza hapo, alisema asante. Asante... basi fundi amefanya alichoambiwa, na shemeji alikuja kuchukua waya kweli, waya mwekundu, si ndio huo hapo mkononi mwake, lakini angalau angeuliza, fundi gani haulizi, aliuliza, aliuliza kiasi gani, na jibu lilikuwa isijulikane, haya, haijulikani, hongera, na miaka yote hii nani aliyemwambia mwalimu wa hesabu ndiyo ndilo hilo, nani aliyesema imepita kwenye ule wimbo wa nane ambao hata besi ilirekodiwa ikiwa imelegea uzi, nani alimfundisha shemeji kwamba hajawahi kukataa, hasira inatafuta pa kukaa, inazunguka chumba kizima, inagusa kisogo, inagusa shemeji, inagusa Tani asiye na kosa lolote, inarudi, inamkalia yeye mapajani kama paka mzito, na cha ajabu haiumi kama alivyodhani, kwa sababu kama ni yeye aliyeshusha basi ni yeye anayeweza kupandisha... lakini ikipanda itapanda na ile krr, haiwezekani kupandisha moja ukaacha nyingine, kila mtu ataisikia, mwalimu wa hesabu ataisikia, na baba, baba akiweka kiganja kwenye spika mzunguko wa tatu utafika na kiganja kitashtuka, baba anayejua mtambo kwa vidole, atasema, anamsikia kabisa atakavyosema kwa ile sauti yake kubwa, “Hapo uzi ulikatika,” na atasubiri, kama alivyosubiri maelfu ya mara kiwandani, mtu aufunge fundo na kazi iendelee, na mzunguko wa nne utakuja, tum, taka, tum, na atatikisa kichwa, kwani ni shati gani amewahi kuvaa ambalo uzi wake haukukatika mtamboni hata mara moja... gitaa limerudi, shemeji anapiga paja kwa kiganja, ubeti wa mwisho, Tani anavuta pumzi, ngoma zinapungua, kitufe cha nne bado kimelala pale pale, plasta yake imeanza kubanduka upande mmoja, na kisogo cha fundi kimeacha kutikisika, sasa atageuka, ataanza na yeye, kwa heshima kama kawaida, haya dada, tufungulie njia, na shemeji atakuwa ameshatabasamu kabla hajajibiwa, na neno liko kwenye ulimi, ni refu kidogo kuliko lile lingine, halijazoea mdomo wake, haijapita, analijaribu bila sauti, naona mdomo tu, haijapita, sauti ya mwisho ya gitaa inafifia, inafifia, kiti cha fundi kinalia kikianza kuzunguka, na hatamgombeza, hapana, atasema lile neno, kisha atamwonyesha kitufe, kisha atasema taratibu, kipandishe chote, fundi, na kosa langu ndani yake, na wakati unapandisha nakuomba ukumbuke kitu kimoja tu, kwamba kuna mzee mmoja nyumbani, ameshaweka kiganja kwenye spika, hasikii kingine chochote.