Pini Mdomoni

Daktari aliiweka fomu juu ya miguu ya mume wangu, utadhani miguu ile ni meza.

"Mama, leo siku ya tatu hajafungua mdomo. Tumtie mpira wa kulishia, upitie puani. Saini hapa."

"Na mikono mmemfungia nini?" nikauliza. Walikuwa wameifunga kwa bendeji kwenye vyuma vya kitanda.

"Anahangaika, anavutavuta shuka kutwa nzima. Na tukimwacha hivihivi ataung'oa mpira."

"Atafungwa mpaka lini?"

Akatazama saa yake. Mdogo wake mume wangu akadakia. "Shemeji, ubishi wa nini? Kaka hakujui hata wewe, ndiyo ajue amefungwa?"

Kweli hanijui. Mwaka wa pili huu tangu kumbukumbu zimpotee, ananiona mteja, ananiuliza nguo yangu naitaka lini, nami namjibu Ijumaa. Mwanzoni nililia mpaka macho yakavimba. Siku hizi naona afadhali, maana wateja aliwaheshimu kuliko mkewe.

Lakini mikono ile naijua. Miaka thelathini na minane tumekaa duka moja, yeye suti, mimi magauni, cherehani zikitazamana. Nilizifungua bendeji zote mbili bila kumwomba mtu ruhusa. Mkono wa kulia ukainuka papo hapo, vidole viwili vikabana hewa, ukavuta, ukarudi, ukavuta tena.

"Hahangaiki huyu," nikasema. "Anapiga bandi, ule mshono wa kushikiza kwa muda. Anaunga mkono wa koti."

Daktari akatabasamu kwa adabu, na tabasamu lile likanichefua. Nikamgeukia mume wangu. Midomo ilikuwa imebanwa, imevutwa upande mmoja. Hapo ndipo nilipojiona mjinga. Siku tatu nzima nimembembeleza na kijiko, fungua mdomo mzee wangu, na fundi gani atafungua mdomo wakati amebana pini? Mimi mwenyewe alinigombeza mwaka tuliooana kwa kuongea na pini mdomoni.

Nikakinga kiganja chini ya kidevu chake. "Fundi, nipe pini."

Akanitazama. Kisha akainamisha kichwa, akazitema moja moja kwenye kiganja changu kitupu. Nilingoja amalize zote. Midomo ikalegea, nikatia kijiko cha uji, akameza. Akameza cha pili. Cha tatu kilimkohoza, cha nne akakikataa.

"Vijiko vitatu havimtoshi mtu," daktari akasema, safari hii polepole. "Hatafika mbali hivyo."

"Najua. Anakufa, mimi si kipofu. Naogopa. Lakini hatakufa amefungwa mikono."

Shemeji alikuwa ameshachukua kalamu. "Basi nisaini mimi."

"Weka chini, shemeji. Mke ni mimi."

Akaiweka. Nikaichukua, na pale palipoachwa nafasi ya saini nikaandika kwa herufi kubwa: SITAKI. MIKONO YAKE IACHWE WAZI. Chini yake nikatia saini, nikamrudishia daktari fomu yake. Zile bendeji nikazitupa kwenye pipa la taka, sista akiniangalia.

Nilipokaa tena, mume wangu alikuwa ameshika ukingo wa gauni langu, anaushona.

"Nguo unaitaka lini?" akauliza. Sauti ilikuwa imekauka kwa kukaa kimya siku tatu.

Ijumaa ilikuwa kesho kutwa.

"Sina haraka, fundi," nikamwambia.