Bomu Lililomngoja Mchezaji

Siku ya Jumanne, saa nane mchana, Riziki alikuwa uani akianua ndagala, dagaa wa ziwani, kutoka kwenye mikeka ili waombolezaji wapate pa kukaa. Baba yake, Mzee Iddy, alikuwa amelazwa ndani, ameshaoshwa, akingoja kuzikwa baada ya alasiri. Bomu la asubuhi lilimkuta mbele ya duka lake la vitenge akifungua kufuli. Bomu la pili lilifika wakati Riziki yuko kwenye mkeka wa tatu. Lilitoka kilimani juu ya mji wa Uvira, likaja na mluzi wake, na lilipobakiza kimo cha mtu mmoja kugusa bati la nyumba, likasimama hewani, pua chini.

Mluzi nao ukakatika. Wanawake waliokuwa wakilia walitazama juu, kisha wakaendelea kulia, kwa kuwa waliyemlilia alikuwa bado amekufa. Riziki alimaliza mkeka wa tatu, akaanza wa nne.

Kesho yake alikuja Evariste, shefu wa kartie ya Songo, mkuu wa mtaa huo aliyekwisha kutumikia majeshi manne na kuyapenda yote sawasawa. Aliizunguka nyumba mara mbili, akaandika kwenye karatasi: "Bomu moja. Halijaanguka." Baada ya wiki mbili Komanda Révérien, aliyekuwa kilimani, alishuka akauteka mji, na wale waliokuwa na mji wakapanda kilimani. Evariste akampelekea Komanda ile karatasi. Komanda akajibu kwa maandishi, bila kufika Songo, kwamba bomu huwa na mwenyewe likishafika. Kabla ya kufika ni chuma kinachopita tu, na chuma kinachopita hakimhusu mtu.

Sofia, mke wa Mzee Iddy, alikuwa amekaa eda. Mjane wa Kiislamu hukaa ndani miezi minne na siku kumi, na Sofia aliihesabu kwa maharage. La kwanza alilitia Jumanne ile ile ya mazishi, kisha kila alfajiri baada ya sala alitia haragwe moja ndani ya kopo la maziwa lililokuwa dirishani. Alipanga kufikisha mia moja na thelathini, na la mwisho lingeangukia Ijumaa. Shehe alikuja, akatazama bomu, akamwambia kutoka nje ya pazia kwamba mwenye kuhofia maisha yake ana ruhusa ya kuhamia nyumba nyingine.

"Nihofie nini, Shehe?" Sofia alijibu kwa Kiswahili cha Uvira, ambamo 'wale' ni 'bale' na 'ndio' ni 'njo'. "Bombe imesimama. Haiko inanifanya kitu. Bale baliua Iddy, njo banitoshe na mu eda yake? Hapana. Minye niko hapa."

Shehe alikuwa na kisomo kirefu. Aliomba dua fupi akaondoka kwa kupitia upande wa uzio ambao kivuli cha bomu hakikuufunika.

Maisha yakaendelea chini ya chuma kile. Kunguru alikizoea akakifanya kituo. Mvua ilipokuja kiliota kutu kidogo kwenye mapezi. Kila siku kivuli chake kilipofika mlango wa jiko, Riziki alijua ni saa ya kusonga bugali.

Aliyelielewa bomu alikuwa Protais. Protais alifundisha fizikia katika shule ya sekondari mpaka shule ilipogeuzwa kambi ya askari. Alitoka na ubao mmoja mweusi, akafungua chumba cha michezo ya televisheni kwenye njia panda ya Songo. Alikuwa na televisheni tatu, na wateja wake wengi walikuwa askari wa Komanda. Asubuhi walipigana vita, na mchana walikuja kwake kuvicheza. Protais aliidharau michezo ile kama mwalimu anavyomdharau mwanafunzi anayenakili majibu na bado anakosea, lakini aliichunguza, maana hakuwa na wanafunzi wengine. Alikuwa na daftari ambamo aliandika jinsi vitu vinavyoanguka katika kila mchezo.

Katika mchezo mmoja, mtu aliruka, na akiwa hewani akageuka akarudi alikotoka bila kukanyaga kitu. Katika mwingine, unyoya na nyundo vilitua pamoja, kwa kuwa waliotengeneza dunia ile hawakujisumbua kuitilia hewa. Katika mwingine tena, askari alianguka kutoka ghorofa ya tano, akainuka, akajipangusa suruali. Mchezo wa nne ndio uliomnyima usingizi wa mchana. Pipa lilidondoka kutoka darajani, mchezaji akageuka kwenda zake. Aliporudi baada ya saa nzima, pipa lilikuwa hewani bado. Mchezaji aliposogea karibu, likamalizia kuanguka.

Protais aliwaza siku mbili, akaandika: "Mashine haina nguvu ya kuangusha vitu vyote vya dunia. Huangusha vile tu ambavyo mchezaji yuko karibu kuviona. Vingine huvisimamisha mpaka aje."

Alipokwenda kwa Sofia kwenye arobaini ya Mzee Iddy na kuinua macho, aliona lile pipa la mchezo wa nne. Alimwita Riziki pembeni.

"Kuko askari moja wa mortier, ile inatupaka bombe, anakujaka kwangu kucheza," alisema. "Anasema bombe ya kwanza Komanda aliifwata na jumelles ku macho mpaka chini. Ya pili, balimuletea nyama ya mbuzi, akageuka. Njo ikasimama."

"Lakini siye tulikuwa tunaangalia, mwalimu. Kilio muzima ilikuwa inaangalia."

"Siye hapana bachezaji, Riziki. Unajua bale batu mu jeu ya televisheni banasimamaka ku soko, unabapita tu, bo banarudilia neno moja? Njo siye."

Riziki alikuwa ameshasikia habari kama hiyo. Mwanamke mmoja wa Runingu, Nkeshimana, aliyekuwa akiwaletea mihogo, alisema kwao uwandani jambo hilo ni la zamani. Pipa la mafuta lilidondoka kutoka lori la jeshi tangu vita iliyopita, likabaki hewani usawa wa magoti, na watu wakalizoea, wakawa wanafungia mbuzi hapo. Siku moja mkubwa fulani alisimamisha msafara wake ajisaidie kando ya barabara. Akiwa amesimama anafunga zipu, akatazama upande ule. Pipa likaanguka, likavunja mbuzi mgongo.

"Na ikianguka yetu," Riziki alimwuliza Protais, "inaanguka namna gani?"

Hilo ndilo Protais alilokuwa hajalijua. Kuna michezo, alisema, ambayo kitu kilichosimamishwa huanza upya, polepole, kama kimeachiwa na mkono. Kama dunia hii ni ya namna hiyo, bomu lingedondoka kimo cha mtu mmoja na pengine lingebonyeza bati tu. Kuna michezo mingine ambayo kitu hutunza mwendo wake, kikaendelea nao pale kilipouachia. Alipekua daftari lote. Uvira haikuwa ndani yake.

Haragwe la mia moja na ishirini lilikuwa limeshaingia koponi Evariste alipopita nyumba kwa nyumba na tangazo. Tume ya Kuhakiki Utulivu ingefika Songo siku ya Jumatano, ikiongozwa na Mheshimiwa Mjumbe, kuja kujionea bomu. Wanawake wavae kitenge cha aina moja. Wimbo utatolewa na ofisi.

Riziki alimfuata ofisini.

"Papa shefu, siku mbili tu. Ijumaa mama anamaliza eda. Bakuje Jumamosi, batakuta nyumba haina muntu."

"Programu imeshapigwa ku mashini."

"Ipigwe tena."

Evariste alimtazama kama mtu aliyeombwa alisogeze ziwa kidogo upande wa Burundi. "Riziki, mutoto wangu. Bakubwa habakuje juu ya mama yako. Banakuja juu ya bombe."

Riziki alirudi akamsihi mama yake ahamie kwa jirani walau Jumatano ile moja. Sofia alikuwa akichagua mchele. Hakuinua kichwa.

"Ule mukubwa ni nani?" aliuliza.

"Mujumbe."

"Alikuja kuzika baba yako?"

"Hapana."

"Basi sitoke juu yake."

Hapo Riziki alikasirika na mama yake, akakasirika na baba yake aliyekwenda kufungua duka siku ya vita, kisha akaenda kwa Protais, kwa kuwa hasira haiondoi chuma juu ya bati. Walizungumza kidogo. Kama mchezaji ndiye anayeangusha vitu kwa macho yake, basi macho yake yapewe kazi nyingine. Mchezaji hupewa mchezo.

Jumatano asubuhi Sofia alitia haragwe la mia moja na ishirini na nane. Saa nne gari jeupe lilitoka upande wa Kavimvira, na pikipiki za Komanda mbele yake. Protais alikuwa ametoa televisheni kubwa kuliko zote akaiweka kando ya njia panda, hatua mia moja kutoka kwa Sofia, skrini ikitazama kwa namna ambayo mchezaji aipe nyumba mgongo. Wanawake waliimba wimbo wa ofisi. Mheshimiwa Mjumbe alishuka kusalimia, akaiona televisheni, akaomba ajaribu dakika moja.

Alicheza saa moja na dakika kumi. Alipanda mnara, akaanguka, akainuka. Alianguka mara kumi na moja, akainuka mara kumi na moja, na kila alipoinuka wajumbe wenzake walipiga makofi. Komanda Révérien, naye ameipa nyumba mgongo, alimwonyesha kitufe cha kuruka. Riziki alisimama ng'ambo ya barabara, akitazama kisogo cha Mheshimiwa, kisha bomu, kisha kisogo. Kunguru alikuwa juu ya bomu anajichokonoa mbawa. Halikutikisika.

Mwishowe Mheshimiwa alitazama saa. Alisema ameshaona ya kutosha, hali ni shwari, na ataandika hivyo. Aliingia garini, akafunga mlango, dereva akawasha injini. Protais aliketi kwenye benchi akavuta pumzi.

Evariste alikuwa amesahau mambo mengi maishani mwake, yakiwemo majina ya wale aliowaapia utii, ila adabu hakuisahau. Songo mtu hapiti karibu na nyumba ya msiba bila kutoa pole. Hata mwizi hutoa pole kwanza. Kumwacha mgeni aondoke bila kuambiwa kwamba pale kuna mjane ilikuwa aibu ya kartie nzima, na Evariste hakuwa tayari kuibeba. Akagonga kioo cha gari.

"Papa shefu, hapana! Acha!" Riziki alipiga kelele. Wanawake walidhani amezidiwa na furaha ya kutembelewa, wakapandisha wimbo.

Mheshimiwa alisikiliza, akatikisa kichwa kwa huzuni ya kazini. Kwa kuwa muda ulikuwa umekwisha, hakushuka chini. Alifungua mlango, akasimama kwenye kikanyagio cha gari, akasema, "Poleni sana." Kisha akauliza ni nyumba ipi. Evariste alinyoosha kidole, na Mheshimiwa akainua macho.

Bomu lilikuwa la ule mchezo unaotunza mwendo. Mluzi uliokatika Jumanne ile ulianzia hapo hapo ulipoachia, ukamalizika.

Gari liliondoka mara moja, na pikipiki za Komanda pamoja nalo. Lilipopinda kona na Mheshimiwa asiione tena nyumba, kila kitu ambacho hakijafika chini kilibaki kilipokuwa. Bati tatu zilisimama usawa wa kichwa. Vumbi la matofali lilikaa hewani, na Riziki alipita ndani yake kwenda kumtafuta mama yake, akamkuta. Alipiga yowe moja refu, na wanawake waliovaa kitenge cha ofisi wakaja wakakaa naye kwenye mikeka ya ndagala. Protais alifungua daftari, akaandika, "Uvira: hutunza mwendo," kisha akachukua jembe akaenda kusaidia kuchimba kaburi.

Ripoti ya Tume ilisomwa redioni kesho yake. Ilisema Tume ilishambuliwa ikiwa kazini, na kwamba mjumbe mmoja alichubuka goti wakati wa kupanda gari. Majina ya wajumbe wote yalisomwa, pamoja na la dereva. Komanda Révérien alishukuriwa kwa ulinzi. Jina la Sofia halikuwamo, na la Mzee Iddy halikuwamo, kwa kuwa hao waliangukiwa na vyuma ambavyo havikuwa na mwenyewe.

Alhamisi jioni Evariste alikuja kutoa pole. Alilia kweli, na kwa kitambaa chake mwenyewe. Alipomaliza alizitazama zile bati hewani, akasema kuna tume nyingine mwezi ujao kuhakiki kazi ya hii, na ingekuwa vizuri bati zishushwe, maana zinaharibu sura ya kartie.

"Ziache," Riziki alimwambia. "Bakubwa bakifika zitashuka zenyewe. Weye njo utabaonyesha na kidole."

Evariste aliaga akaenda.

Maharage nayo yalikuwa hewani, pale dirisha lilipokuwa, usawa wa kifua. Kopo lilikuwa limepasuka, lakini yalikuwa pamoja bado, yamesambaa kidogo tu. Riziki aliyahesabu asubuhi ya Alhamisi hiyo, kabla ya mazishi, akayakuta mia moja na ishirini na nane, hata moja halikupotea. Baada ya kuyahesabu alichukua haragwe moja la jikoni, akaliweka kando ya mengine, akaachia vidole. Halikuanguka.

Ijumaa, baada ya sala ya alfajiri, aliweka la mia moja na thelathini. Nalo likakaa. Eda ya Sofia ikaisha. Riziki alisimama hapo kidogo, kisha akaenda kuanika ndagala, kwa kuwa jua lilikuwa limeanza kutoka.