Hana Malalamiko

Mama yangu ana adabu mpaka inakera. Mkanyage mguu, yeye ndiye atakayekuomba radhi. Msalimie asubuhi, hata kama nyumba inaungua nyuma yake, atapiga magoti, ataweka viganja pamoja na kukwambia, "Tumeamka salama, sijui nyie?" Ndivyo alivyolelewa, na ndivyo alivyojaribu kutulea. Mimi mafunzo hayakuniingia. Nauza viazi kando ya lami kule Ntcheu, magari yakipita kasi, na sauti niliyonayo ndiyo inayolisha watoto wangu.

Adabu hiyo nusura imuue.

Tulimfikisha hospitalini siku ya Jumamosi, utumbo umejipinda, tumbo limevimba. Wakampasua siku hiyo hiyo, wakakata kipande kilichooza, wakashona. Kazi hiyo sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ulianza baadaye, kwenye wadi. Wadi ile ilikuwa na vitanda ishirini na nane, wagonjwa arobaini, na muuguzi mmoja, Sista Namalomba, binti mwembamba ambaye visigino vya viatu vyake vilishakwisha kwa kukimbia. Ndiyo maana kwetu mgonjwa halazwi peke yake, analazwa na mtu wake. Mtu huyo, muuguzaji, ndiye anayepika uji na nsima, ule ugali wetu, kwenye mafiga nyuma ya jengo, ndiye anayeogesha, anayegeuza, anayemwaga beseni, na akichoka anajilaza sakafuni chini ya kitanda. Kila kinachoingia mwilini mwa mgonjwa na kila kinachotoka, yeye anakijua.

Sasa sikiliza ujinga wenyewe. Saa moja asubuhi daktari anakuja kuuliza hali ya mgonjwa, na saa moja asubuhi hiyo hiyo muuguzaji anafukuzwa!

Wa kufukuza alikuwa Kalonga, mlinzi, filimbi shingoni na tumbo mbele. "Wauguzaji nje! Nje na mabeseni yenu! Daktari anapita!" Tunatoka na vibakuli vyetu, tunakwenda kubanana kwenye uzio, tunachungulia madirisha. Ndani, daktari anapita na wanafunzi wake sita, kitanda hadi kitanda. "Mmeamkaje, mama?" "Tumeamka salama, daktari. Sijui nyie?" "Tumeamka salama." Kalamu inaandika. Kitanda kinachofuata.

Jirani yetu wa kitanda cha kumi na mbili alikuwa mama wa milimani, Nachisale, kapasuliwa nyongo. Naye alikuwa akiamka salama kila siku. Jumanne tuliporudi kutoka uzioni tulikuta godoro lake limekunjwa. Dada yake alibaki amesimama pale na bakuli la uji mkononi, uji unafuka. "Lakini jana tu alisema hajambo," Sista Namalomba alimwambia, na mwenyewe alikuwa analia.

Hapo ndipo moyo uliponipasuka. Nilichukua jalada la mama lililoning'inia miguuni mwa kitanda, nikalifungua. Limeandikwa Kiingereza, lakini Kiingereza changu cha darasa la nane kilitosha. Jumapili: hana malalamiko. Jumatatu: hana malalamiko. Jumanne: hana malalamiko, anaendelea vizuri, aruhusiwe Alhamisi.

Hana malalamiko! Mwanamke ambaye tangu Jumatatu mchana mwili ulikuwa unawaka moto. Mwanamke aliyetapika kijani ndani ya kitenge chake, akakikunja vizuri na kukificha chini ya mto ili asimsumbue muuguzi. Tumbo lilikuwa gumu kama ngoma. Na kubwa kuliko yote, hajajamba. Sista mwenyewe alituambia siku ya kwanza: utumbo ukishapasuliwa unalala, ukiamka mtu anajamba, akijamba mje mniambie. Nilikuwa nimekaa pale siku tatu nasubiri ushuzi wa mama yangu kama watu wanavyosubiri mvua. Kimya.

"Mama," nikamwambia, "leo daktari kakuuliza nini?"

"Kauliza nimeamkaje."

"Ukamjibuje?"

"Vizuri."

"Vizuri ndiyo nini? Ulimwambia umetapika?"

"Ekari mwanangu, daktari mzima kakuamkia, kavaa koti jeupe, ana watu sita nyuma yake. Nianze na habari za matapishi hata sijamwuliza yeye kaamkaje?"

"Alikuuliza kama umejamba?"

Akageukia ukutani. "Daktari yule ni sawa na kitindamimba wangu, nimtajie hayo? Nilimwambia kila kitu salama."

Nilitamani kumtikisa. Nikamfuata Sista. Akaniambia alishamweleza daktari, daktari akasema mgonjwa mwenyewe hana neno. "Mwambie wewe, dada," akasema.

"Nimwambie nikiwa wapi? Uzioni? Nipige yowe?"

"Dada Ekari, nina watu arobaini." Nikamtazama visigino vya viatu, nikampisha akimbie. Huyu hakuwa adui yangu.

Nikamkimbilia daktari mwenyewe, Daktari Mkwezalamba, nikamkuta uani anaelekea garini. Hata hatua hakupunguza. "Mama yako nimemwona leo asubuhi, anaendelea vizuri. Fuata utaratibu." Mlango wa gari ukafungwa. Sitaficha, niliogopa. Kijijini kwetu kutoka lami ni mwendo wa saa nne nyuma ya baiskeli ya kukodi. Kumruhusu Alhamisi kulikuwa ni kumrudisha nyumbani tukamzike Ijumaa. Mama yangu mmoja tu, kwa sababu ya salamu! Thubutu.

Jumatano filimbi ikalia. Wenzangu wakaokota mabeseni. Mimi nikakaa sakafuni, nikavua kitenge changu cha juu, kile kizuri cha Pasaka, nikakizungusha kiunoni na kwenye mguu wa kitanda, nikapiga fundo. Fundo la kubebea mtoto ninalijua vizuri, nimebeba watano.

"Dada, toka," akasema Kalonga.

"Sitoki."

"Nitakuvuta."

"Vuta. Ukinivuta, kitanda kinakuja, na mgonjwa juu yake. Ukamweleze daktari kwa nini wadi imehamia uwanjani."

Akavuta kweli, mshenzi. Kitanda kikalia, mama akaguna, Kalonga akaachia mkono kama kashika moto. "Wewe mwanamke una wazimu."

"Ninao. Kaniitie daktari."

Hakukuwa na haja ya kuita. Alikuwa ameshaingia na kundi lake. Akanitazama pale chini. "Huyu anafanya nini hapa?"

"Kajifunga, bosi," Kalonga akasema, na wanafunzi wakabana vicheko.

Daktari akaamua kwamba simo. Akamwinamia mama. "Mmeamkaje, mama?"

Midomo ya mama ilikuwa imepasuka kwa homa. Macho yameingia ndani. Akaweka viganja vyake pamoja. "Tumeamka salama, daktari. Sijui nyie?"

"Tumeamka salama." Akanigeukia. "Umesikia mwenyewe?" Kalamu ikagusa karatasi.

"Uongo!" nikapiga kelele, sauti yangu ile ya barabarani, wadi nzima ikashtuka. "Uongo mtupu! Ametapika kijani tangu juzi, kitenge hiki hapa, nusa! Mchana anawaka moto! Na hajajamba! Tangu Jumamosi hajajamba hata kidogo!"

Mwanafunzi mmoja akacheka, kisha akakohoa kuficha. Daktari akamwuliza mama, "Ni kweli, mama?"

Na mama yangu, Mungu ananiona, mama yangu akasema, "Mtoto huyu hana adabu, daktari. Mumsamehe."

Basi nikafanya jambo ambalo mtoto hafanyi. Nilinyanyuka hadi fundo liliponiruhusu, nikashika shuka, nikamfunua mama yangu tumbo mbele ya wanaume wanane.

Akanipiga kofi. Kofi lenyewe halikuwa na nguvu, lakini kiganja kilikuwa cha moto hasa. Machozi yalimtoka kwa aibu. Alikuwa anahangaika kutafuta shuka kwa mkono mmoja, na mimi nimeishika, siachii. "Mguse," nikamwambia daktari. "Mara moja tu. Ukikuta mimi ni mwongo, nifungeni jela."

Akamgusa. Mama hakulia, aliuma ncha ya mto. Uso wa daktari ukabadilika. Akashika mkono wa mama, akatazama saa yake, akahesabu, akahesabu tena. Alipozungumza alizungumza na Sista, kwa sauti ndogo. "Chumba cha upasuaji. Huyu kwanza, wengine wasubiri."

Wakaanza kusukuma kitanda na mimi nikiwa nimefungwa nacho. Fundo lilikuwa limekaza, halifunguki. Ikabidi Kalonga apige magoti akate kitenge changu cha Pasaka kwa wembe, huku akinilaani mimi na ukoo wangu wote. Nikamwambia asante.

Mchana daktari alinifuata uzioni kwa miguu yake. Mshono wa ndani ulikuwa umeachia, alisema, tumbo zima lilikuwa usaha. Wameosha, wameshona upya. Asingeiona Ijumaa. Kisha akauliza, na aliuliza kwa dhati, "Kwa nini alikuwa akisema hajambo?"

"Kwa sababu ulimsalimia, daktari. Hukumwuliza. Mama yako wewe angekujibuje?"

Akageuka, akarudi ndani kwa wagonjwa wake.

Mama aliamka, akapona polepole, lakini na mimi hakusema neno. Siku tano! Alimjibu Sista, akasalimia kitanda cha jirani, akamwuliza mpaka Kalonga habari za watoto wake. Uji wangu aliupokea huku uso uko ukutani. Nilimwogesha, alifumba macho. Usifikiri haikuniuma. Nilikwenda kulilia jikoni kwenye moshi ili wenzangu wafikiri ni moshi. Nilimvua nguo mama yangu hadharani, na mtu kama yule afadhali umchome kisu. Lakini ukiniuliza ningerudia, nakwambia ningerudia hata angekuwepo askofu.

Jumatatu filimbi ikalia. Nikaokota beseni langu kimya kimya, sina tena haja ya vita.

"Kalonga, mwanangu," mama akasema.

"Naam, bibi."

"Huyu hatoki."

Nikasimama na beseni mkononi. Kalonga akakuna kichwa. "Bibi, utaratibu unasema..."

"Nimekusikia, baba. Huyu hatoki. Au nijifunge na mimi?"

Wadi ikaangua kicheko. Kalonga akatazama huku na huku, akaiweka filimbi mfukoni, akaenda zake kufukuza wengine.

Daktari alipofika kwetu, hakusimama. Alivuta kigoda akakaa, macho yake yakawa sawa na ya mama. "Mmeamkaje, mama?"

Mama akaweka viganja pamoja. Nikajua basi, tumerudi kule kule. Ndipo aliponitazama, mara ya kwanza tangu Jumatano, akanitazama sana. Kisha akamgeukia daktari.

"Tumeamka na maumivu, daktari. Kidonda kinavuta upande huu wa kushoto. Sindano ya jana mchana sikuipata, na simlaumu Sista, binti huyu yuko peke yake, mumtafutie mwenzake." Alikuwa anaona aibu, lakini hakushusha sauti. "Na nimejamba. Mara mbili. Moja alfajiri, nyingine sasa hivi mlipokuwa kitanda cha tisa. Sijui nyie?"

Mtu wa kitanda cha pili alipiga vigelegele, mwenye mguu uliovunjika akaitikia, na wanafunzi wote sita wakainama kuandika kama wamepigiwa kengele ya mtihani. Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Alimpima taratibu, akambonyeza huku na huku, akamwuliza hapa vipi, na hapa, na mama alimjibu kila mahali panapouma na pasipouma. Kisha akanyanyuka kwenda kwa mgonjwa anayefuata, na yule mgonjwa hakungoja hata salamu, alishaanza kueleza.

Tumbo la mama lilibaki wazi, na wanaume wote walikuwa bado wamesimama pale karibu.

"Ekari," akasema.

"Naam, mama."

"Wewe uliyelifunua, njoo ulifunike."

Nikaweka beseni chini, nikalifunika, nikachomeka shuka pande zote mbili.