Adhabu ya Kulima

Mkuu wetu wa shule, Mwalimu Calist, alirudi kutoka semina ya mtaala kule Kiomboi akiwa na falsafa mdomoni asubuhi mpaka jioni. Mtaala hauanzi na vitabu, anasema, unaanza na swali: jamii hii inataka mtoto wa namna gani? Chai ikichelewa, falsafa. Chaki zikiisha, falsafa. Mimi nafundisha kilimo, na swali lake nililipenda kwa kweli. Kilichonichosha ni kwamba alimuuliza kila mtu isipokuwa yeye mwenyewe.

Shule ilikuwa imepewa nafasi ya kufungua mkondo wa amali, wa kusoma kilimo kwa vitendo, ila lazima wapatikane wanafunzi wa kujaza darasa. Wasipopatikana, nafasi inahamia shule nyingine. Mkondo huo nimeusubiri tangu niajiriwe. Hapa Mkalama kila nyumba inalima, lakini shuleni kilimo ni somo la waliokosa la kuchagua. Nilitaka mtoto mmoja, japo mmoja tu, asome akajua kwa nini vitunguu vya baba yake vinaoza kabla ya kufika sokoni.

Tukaita wazazi. Mkuu akamwaga maneno ya kumtoa nyoka pangoni: kujitegemea, stadi, heshima ya kazi. Alipomaliza, Mzee Zefania, baba yake Jesca wa kidato cha kwanza, akasimama na kofia mkononi.

"Mwalimu, binti yangu akichelewa asubuhi mnampa nini?"

"Kipande cha kulima," mkuu akajibu.

"Akiongea Kinyiramba darasani?"

"Kipande."

"Na akifeli hesabu?"

Mkuu akajikuna shingo. Jibu kila mzazi alikuwa nalo.

"Basi hapo mnanichanganya. Tangu kaka zake wasome hapa, mnawaambia jembe ni la mkosaji. Leo nimwambie huyu kwamba ndiyo elimu yake?"

Wazazi wakaguna kumuunga mkono, nikaona kabisa mkondo unaondoka. Hasira zikanipanda, si kwa mzee, kwa sisi walimu. Nimeshasema mpaka nimechoka, pale pale ofisini, kwamba hii adhabu tuiache. Nikasimama bila kuruhusiwa.

"Mkuu, tamka mbele ya wazazi kwamba kuanzia leo hakuna mtoto atakayepewa jembe kwa sababu ya kosa."

Alinitazama vibaya, ila watu wote walikuwa wanamsubiri yeye. "Hatapewa," akasema.

Mzee Zefania akakaa, akafikiri, kisha akasema Jesca aandikwe. Wengine wakafuata, darasa likajaa. Siku ile nilirudi nyumbani naimba peke yangu njiani.

Mkuu, nimpe haki yake, alitimiza ahadi. Wiki iliyofuata nikapita maktaba nikakuta waliochelewa wamejazana humo, nyuso chini, kila mmoja na kitabu.

"Adhabu mpya, Madam Damari," mkuu akaniambia kwa fahari. "Anayekosa anasoma kurasa kumi. Si ulitaka jembe liondoke?"

"Mkuu, kwa hiyo sasa kitabu ndicho cha mkosaji?"

"Mtoto lazima aadhibiwe kwa kitu fulani. Ulitaka nimnunulie soda?"

Nikamuacha hapo hapo, maana angeniua kwa presha. Watoto wangu walikuwa wananisubiri kwenye vitalu vya vitunguu, wanagombania ndoo za kumwagilia. Miezi miwili tulifanya kazi hivyo, na sijawahi kufundisha kwa raha kama ile.

Hatimaye vitabu vya kiada vya kilimo vikafika. Nilibeba boksi mwenyewe mpaka darasani, nimeshatafuta ukurasa wa magonjwa ya vitunguu, nikaanza kugawa. Cha kwanza nikakiweka mbele ya Jesca. Hakukigusa.

Akasimama, mikono nyuma, macho chini.

"Madam," akasema, "sisi hatukuchelewa."