Chumba cha Makapi

Shemeji alilikanyaga tofali langu la kwanza, nalo likamomonyoka kama mkate mkavu. Akapangusa kiatu, akanitazama.

"Hili ulilishindilia, au uliliombea tu?"

Nilicheka, lakini kicheko hakikushuka moyoni. Nyuma ya pazia la sebuleni binti yangu alikuwa amelala ubavu, tumbo la mimba limemjaa, na habari za kwenda kupanga chumba upande wa pili wa mji alishaanza kuzizoea mdomoni. Pa kumjengea palikuwa juu ya dari tu. Na shemeji, fundi aliyelimwaga zege la dari hilo enzi za ujana wetu, alishaligonga kwa nyundo akatikisa kichwa: "Ukilipandishia matofali ya mchanga, chumba cha juu mtakikuta chini."

Basi nilitaka tofali jepesi. Mashine ya kukoboa mpunga ilikuwa mtaa wa nyuma, makapi yake yanamwagwa tu. Nikachanganya makapi mengi, mchanga kidogo, saruji ya kuonjea. Saruji ikagoma kushika. Lakini mimi si mtu wa kushindwa na makapi. Niliyaloweka mengine kwenye beseni, nikaenda zangu kupika. Niliporudi, maji yalikuwa na rangi ya chai. Nikachovya kidole. Yanateleza.

"Shemeji, njoo umwone mchawi wetu."

Akainama, akanusa. Mzaha ukamwisha. "Utomvu huo. Saruji haiupendi hata kidogo. Tia chokaa, loweka tena, suuza mpaka uone kucha zako ndani ya maji."

Tulisuuza mpaka vidole vikakunjamana. Tukashindilia mchanganyiko kwenye kalibu ya mbao, tukayafunika matofali kwa magunia mabichi, tukayanywesha maji kama miche.

Yalipokomaa, shemeji alipanda juu ya moja kwa miguu miwili, akaruka. Likatulia. Binti yangu akatoka nyuma ya pazia, akaliinua kwa mkono mmoja, mwingine uko kiunoni.

"Jepesi hivi, mama, litamzuia nani?"

"Wewe," nikamwambia.

Miaka imepita, na leo mchana nimemlaza mjukuu wangu chumbani huko juu. Halali bila kutegewa kitendawili.

"Kitendawili."

"Tega."

"Moyo wangu mmeula, nguo yangu mmeitupa, na bado nawakinga upepo."

Alinyoosha mkono kutoka kitandani, akaugonga ukuta.

Kutoka chini mama yake akaita, "Nani anabisha?"