Mkono wa Kulia wa Koti

Karani wa mahakama alisimama mbele yangu amevaa koti lake jipya, akasafisha koo, kisha akaniuliza kwa adabu zote, "Fundi, mkono mwingine uko wapi?"

Nilimtazama juu mpaka chini. Niliona kola iliyolala vizuri, mfuko ulionyooka, na matundu ya vifungo niliyoyazungushia uzi kwa mkono wangu mwenyewe. Kazi safi. "Si huo hapo," nikamjibu, na nilikuwa nimeshaanza kukasirika, maana kuna wateja ambao hata uwashonee nini hawakosi la kusema.

Hakubishana nami. Alikwenda kwenye kioo kikubwa kilichoegemea ukuta, na ili ajitazame ilibidi anipe mgongo. Ndipo nilipoona. Bega lake la kulia, lililokuwa kushoto kwangu aliponielekea, sasa lilikuwa kulia kwangu, na koti liliishia pale pale begani. Chini yake ulitokeza mkono wa shati jeupe. Nilimwomba anigeukie tena, akageuka, na koti likawa zima tena machoni mwangu. Nikamwambia ageuke mara ya pili. Masikini, aligeuka kila nilipomwambia, kama mtu anayepimwa, mpaka nikakaa chini kwenye kiti.

Miezi kadhaa kabla ya siku hiyo nilikuwa nimeteleza kwenye ngazi za jengo letu nikiwa nimebeba jora la kitambaa. Jora lilifika chini salama. Mimi niligonga kichwa upande wa kulia, nikalala hospitali, na nilipoamka dunia ilikuwa imebaki nusu bila mimi kujua. Daktari alinieleza kwamba macho yangu hayana kasoro. Ni ubongo ndio umeacha kuhesabu chochote kilicho kushoto. Nilitikisa kichwa kuonyesha nimeelewa. Ukweli ni kwamba sikuelewa hata chembe, kwa sababu mtu hawezi kujua amekosa kitu ambacho kichwa chake hakimwambii kwamba kipo.

Nyumbani nilikula nusu ya sahani na kulalamika kwamba siku hizi napunjwa. Mume wangu hakunibishia. Alikuwa akinyoosha mkono, anaizungusha sahani taratibu, na mbele yangu kinatokea chakula kingine. Dada yake, wifi yangu, alikuwa akiketi pale mezani akituangalia. "Kaka yangu ana bahati," alisema siku moja. "Mke mmoja, anakula awamu mbili." Nilicheka mpaka nikapaliwa. Sikuwa nimecheka tangu nianguke.

Wifi na mimi tulikuwa na chumba kimoja cha kushonea, ghorofa ya pili, dirisha likitazama kituo cha mafuta. Kabla ya kuanguka, mimi ndiye niliyekuwa mkataji. Wanaoijua kazi hii wanajua hiyo ni sawa na kushika usukani: kitambaa kikishakatwa vibaya, hakuna cherehani itakayokiokoa. Wifi alikuwa wa kumalizia: bitana, vifungo, pasi. Niliporudi kazini aliniambia, "Wewe shona tu kwa sasa, mkasi niachie, mkono wako upate nguvu." Nikakubali. Nilishona, nikaweka kwenye hanga, naye akasema kama alivyosema miaka yote, "Acha hapo, namalizia." Wateja walichukua nguo zao wakashukuru. Kila jioni nilimwambia mume wangu kwamba nimepona, na wifi ataanza kunirudishia mkasi wakati wowote.

Kilichotuumbua ni sifa mbaya ya mafundi ya kuchelewesha nguo. Tulimwahidi karani koti lake Jumamosi. Yeye, kwa kuwa alishawahi kushonewa na watu, akaja Ijumaa ili aanze kutusukuma mapema. Wifi alikuwa ametoka kununua bitana. Koti lilikuwa kwenye hanga, na mimi niliona limekwisha.

Wifi alipoingia alinikuta nimekaa, na karani amekaa pembeni yangu na koti lake la mkono mmoja. Nadhani hakutaka kuniacha peke yangu. Nilimwambia wifi, "Nioneshe ulipo." Alinishika kidevu kwa vidole viwili, akanigeuza uso kushoto, akaendelea kunigeuza zaidi ya pale nilipodhani meza inaishia. Mkono wa koti ulikuwa pale, umepigwa pasi, na vifungo vimepangwa juu yake.

"Tangu lini unanishonea nusu?"

"Tangu urudi."

"Ukanificha."

"Nimekuficha wapi, wifi?" alisema. "Kila kitu kilikuwa hapa hapa mezani."

Nilisema maneno mengi siku ile, mengine makali. Nilisema cherehani yangu iuzwe. Nilisema sitaki kuwa mtoto wa kushikiwa penseli na watu wakasifu mwandiko. Karani alivua koti lake, akalikunja, akaliweka mezani upande ninaouona, akasema hana haraka nalo. Kisha akaondoka akikanyaga taratibu, kana kwamba kuna mtu amelala.

Nilikuwa nimekwishaanza kwenda kwenye kikundi cha watu walioumia ubongo, kilichokutana kwenye chumba cha mazoezi nyuma ya hospitali. Sikukipenda. Viti vilipangwa kwa duara, kila mtu anaeleza wiki yake, na mwalimu mmoja mstaafu alitusalimu upya kila baada ya muda kwa sababu alikuwa ameshasahau kwamba ametusalimu. Wiki ile sikutaka kwenda kabisa. Wifi alinisindikiza mpaka ndani, labda kwa kuogopa ningeishia getini.

Zamu yangu ilipofika nilisema koti lilivyokuwa, na kwamba mkasi sitaushika tena. Halafu nikasikia sauti nzito karibu na sikio langu, upande ambao kwangu haukuwa na mtu.

"Sawasawa," ilisema.

Niligeuza kichwa, nikakigeuza zaidi, na mwisho nikamwona mwanamume mpana mwenye kofia. Mama wa mazoezi aliyeongoza kikundi akacheka. "Huyo amekaa hapo tangu siku yako ya kwanza," aliniambia. "Tukimwomba ahame, hataki."

Alikuwa dereva wa mabasi ya safari ndefu. Kiharusi kilimchukulia maneno yote kikamwachia hilo moja, na kwa hilo moja aliomba maji, aligombana, alitania na kutoa pole. Kila mtu alimwita Sawasawa. Nilijisikia vibaya kwa kumpuuza muda wote ule, nikamwomba radhi, naye akalitoa neno lake kwa namna ambayo nilielewa kabisa kwamba hana kinyongo.

Kisha akafanya jambo. Alikaa wima kitini, akashika usukani ambao haukuwepo, akatia gia. Lakini hakuondoka. Kwanza alitazama kioo cha pembeni cha kulia. Halafu akageuza shingo kushoto, taratibu, mpaka kidevu kikagusa bega, akakitazama kioo cha huko kwa muda, kama mtu anayesubiri abiria wa mwisho apande. "Sawasawa," akasema, na ndipo akaachia breki. Alirudia. Kisha akachukua mikono yangu, akaiweka kwenye usukani ule wa hewani, akanisubiri.

Niliona aibu, mbele ya watu wote wale. Lakini alinitazama kwa subira ya mtu aliyezoea kusubiri mizigo ifungwe, na nikageuza shingo. Dereva hasubiri cha upande kionekane chenyewe, nilimwelewa hivyo. Hasemi njia ni nyeupe kwa kuwa yeye anaona nyeupe. Anageuka kila mara, hata kama amepita barabara ile ile maisha yake yote, kwa sababu kugeuka ndiyo kazi. Nilipoondoa gari langu la hewani, mwalimu mstaafu alipiga makofi, kisha akatusalimu.

Wifi alikuwa mlangoni, ameona yote.

Jumatatu nilipofika kazini nilikuta cherehani yake haipo. Mahali pake palikuwa kulia kwangu miaka yote, karibu kiasi cha kupeana uzi bila kunyanyuka, na tangu niumie ndipo nilipokuwa nikimwona vizuri bila taabu. Pale palikuwa na alama nne tu sakafuni. Nilidhani amechoka nami, na sikuona sababu ya kumlaumu.

"Wifi?" niliita.

"Nipo."

Sauti ilitoka kushoto. Nikageuza shingo, nikavuka dirisha, nikavuka meza, nikamkuta amekaa nyuma ya cherehani yake anatunga uzi kwenye sindano, miwani imemshuka puani.

"Mbona umehamia huko? Huko sikuoni."

"Ndiyo maana," alisema. "Ili unitafute."

Koti la karani lilikuwa mbele yangu na mkono wake kando. Nilishona mkono ule mwenyewe. Ulinichukua asubuhi nzima na sehemu ya mchana, na niliufumua mara mbili. Mwishoni nilililaza koti chali, kisha nikaligeuza kifudifudi, kisha nikamwita mume wangu aliyekuja na chakula alivae, ingawa lilimbana, ili nimzunguke. Karani alipokuja alijitazama kwenye kioo, akaingiza vifungo kwenye matundu kimoja kimoja, halafu akafuta macho akisingizia vumbi la chaki.

Mkasi ulinirudia polepole, na miaka imepita. Sawasawa ametangulia. Siku ya kumzika tuliokuwa kwenye kikundi tulisimama pamoja, na mwalimu alituuliza mara nyingi ni nani aliyefariki, na kila mara alihuzunika upya. Mimi sijapona kama watu wanavyopenda kusikia. Dunia yangu bado inaishia katikati nisipoifuata.

Lakini cherehani ya wifi haijarudi kulia. Kila ninapotandaza kitambaa na kuweka chaki pembeni, nashika mkasi, natazama kulia, halafu nageuza shingo mpaka kidevu kiguse bega. Yeye hanyanyui kichwa kutoka kwenye vifungo vyake. Anasubiri tu mpaka macho yangu yamfikie.

"Sawasawa," anasema, nami nakata.